Dimbwi la Jana Si la Leo: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kushuka Makorongo ya Mito

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: kushuka mto uliojichimbia ndani ya korongo, kwa kuteleza juu ya miamba, kuruka madimbwini, kuogelea, na pale pasiporukika, kushuka kwa kamba. Zinazofanana tumezijibu pamoja. Swali la kina cha maji tumelitanguliza kwa sababu hapo ndipo watu huumia bila sababu yoyote ya maana.

Kwenye korongo tunalotarajia kushuka kuna dimbwi ambalo watu huruka kutoka mita 5 hivi. Video zipo tele na hakuna aliyeumia. Kwa nini kiongozi wetu anasisitiza kulipima upya? Na hupimwaje?
*Mwogeleaji wa miaka 24*

Huyo kiongozi mshikilie. Video inakuonyesha dimbwi la siku ile ilipopigwa. Mto ukifurika mara moja tu, husukuma mchanga, changarawe, mawe na magogo, na vyote hivyo hutafuta mahali penye maji matulivu pa kutua. Dimbwi la kina cha mita 4 linaweza kujazwa changarawe hadi maji yakufike kiunoni, na ukilitazama kutoka juu usione tofauti yoyote. Sababu ni kwamba uso wa maji haushikiliwi na sakafu ya dimbwi, unashikiliwa na kizingiti cha mwamba pale maji yanapotokea. Sakafu inapanda, uso unabaki palepale.

Jicho nalo hudanganya. Maji maangavu yakitazamwa wima kutoka juu huonekana kuwa na takriban robo tatu tu ya kina chake halisi, yaani dimbwi la mita 4 huonekana la mita 3. Kosa hilo halimuumizi mtu, linamtisha tu. Hatari iko kwenye maji ya rangi ya chai, maji yanayong'aa kwa jua, na maji meupe ya povu, ambamo jiwe lililo nusu mita chini ya uso halionekani kabisa.

Mpimaji haruki. Anashuka kwa kamba au kwa kuzunguka kandokando, anaingia majini taratibu akiwa na miwani ya kuogelea. Kwanza anaogelea juu ya eneo lote la kutua, pamoja na mita 2 au 3 za ziada kila upande, kwa kuwa mrukaji hatui pale hasa alipolenga. Kisha anazama miguu mbele, mkono mmoja ukiwa umenyooshwa juu. Vidole vikizama na nyayo hazijagusa kitu, kuna zaidi ya mita 2. Kwa kina kikubwa zaidi hutumia kamba nyembamba yenye uzito mwishoni na fundo kila mita 1, akiishusha sehemu kadhaa, si moja. Magogo yatafutwe kwa miguu na kwa macho, maana gogo lililobanwa mshazari katikati ya maji linaweza kupitwa na kamba ya kupimia na bado likamsubiri mrukaji.

Kina gani kinatosha? Dimbwi la mashindano ya kupiga mbizi kutoka jukwaa la mita 10 huwa na kina cha mita 5 hivi, na huko sakafu ni bapa, maji ni maangavu na hakuna mkondo. Kwa anayejifunza, kipimo chetu ni mita 3 za maji kwa mruko usiozidi mita 3, na mita 4 kwa mruko wa mita 5. Utawaona wazoefu wakiruka kwenye maji haba kuliko hayo. Wao hukunja miguu na kujitanua papo hapo wanapoingia ili wasizame sana. Hiyo ni stadi inayofundishwa kuanzia mita 1, haiigwi kwa kutazama.

Na usidharau urefu. Ukiruka kutoka mita 3 unayagonga maji kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5 ni 36, na kutoka mita 10 ni 50. Mita 5 zinaonekana chache ukiwa chini unatazama juu.

Neno moja kuhusu povu. Watu hulipenda kwa sababu kutua ndani yake ni laini. Ni kweli, lakini ulaini huo unatokana na hewa iliyochanganyika na maji, na maji yenye hewa hayakubebi. Unazama zaidi, na ukipiga mikono unasukuma povu tupu. Lenga ukingo wa povu, pale weupe unapoanza kugeuka kijani, upande ule ambao mkondo unakupeleka nje ya dimbwi wala haukurudishi chini ya maporomoko.

Kila nikiruka natua nimeinama mbele, na mara ya mwisho nilihisi mgongo umegongwa kwa rungu. Nakosea wapi?
*Mrukaji Mwenye Maumivu*

Kabla ya yote, maumivu ya mgongo yaliyobaki baada ya mruko yapelekwe kwa daktari, na usiruke tena mpaka ujue ni nini. Kutua ukiwa umekaa, makalio yakitangulia, hupeleka kishindo chote kwenye uti wa mgongo, na pingili zinaweza kupondeka.

Kosa lako karibu hakika liko machoni. Unatazama maji. Kichwa kikiinama, mabega hufuata, kiwiliwili kikafuata mabega, na miguu inabaki nyuma. Chagua alama kwenye ukuta wa ng'ambo, ikiwa kwenye usawa wa macho yako, na uitazame mpaka ulowe.

Mengine yako kwenye kuondoka. Papasa mahali pa kusimama kwa unyayo kabla ya kuaminia uzito wako, kwani mwani mwembamba wa rangi ya kahawia hauonekani ila unateleza kama sabuni. Usikimbie. Usijirushe juu pia, kwa kuwa unaongeza kimo bure. Weka mguu mmoja ukingoni, piga hatua moja ndefu mbele, kisha uulete mguu wa pili uungane na wa kwanza. Mikono iachie itanuke kidogo hewani ikusaidie kusimama wima, halafu ifunge kabla ya kugusa maji, ama ikibana mapaja ama ikiwa imekunjwa kifuani. Mkono ulioachwa wazi ndio huchomoa bega. Anayebana pua aushike mkono huo kwa mkono wa pili, viwiko vikiwa vimebanwa mwilini.

Miguu iwe pamoja, magoti yamelegezwa kidogo, misuli ya tumbo imekazwa. Miguu iliyoachana huyaruhusu maji kupiga sehemu za siri kwa nguvu na kuzijeruhi vibaya, jambo ambalo watu huona haya kulitaja, kwa hiyo wapya hawaambiwi. Waambieni.

Kichwa mbele, kamwe. Hata kwenye dimbwi lililopimwa.

Mitelezo inaonekana rahisi kuliko kuruka, lakini rafiki yetu alivunjika kifundo cha mguu kwenye mtelezo wa mita 6 tu. Ilikuwaje? Na kwa nini miamba mingine inateleza vizuri na mingine inakwaruza?
*Wanafunzi Watatu*

Poleni. Hatukuwepo, ila mtelezo huvunja kifundo kwa njia chache zinazojulikana. Iliyo ya kawaida zaidi ni kisigino kujikita kwenye ufa au kijishimo wakati mwili unaendelea kwenda. Ya pili ni mtu kuogopa kasi na kujaribu kufunga breki kwa miguu. Ya tatu ni kufika dimbwini miguu ikiwa imenyooka kama vijiti, na dimbwi likawa na kina cha magoti. Wengi hukumbuka kupima dimbwi la kurukia na kusahau la kutelezea, ingawa mtelezo mkali hukutia majini kwa kasi ileile ya mruko.

Mkao ni huu: lala chali, miguu mbele na pamoja, nyayo zimeinuliwa kidogo zisiguse mwamba, magoti yamekunjwa kiasi. Mikono ivuke kifua, kila kiganja kikishika bega la upande wa pili, viwiko ndani. Kidevu kiinamie kifuani ili kofia ngumu isigongwe na mwamba nyuma. Vuta pumzi mwanzoni mwa mtelezo. Ukifika mwisho tayari umejaa maji puani, huna nafasi ya kuvuta nyingine. Ukianza kupinduka, jikaze ubaki umefungamana na usitoe mkono kushika ukuta. Ukinyoosha kiwiko kwenye mwamba unaokupita kwa kasi, kitakachoachia si mwamba.

Kabla ya kuteleza, kagua hanesi, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungiwa kamba. Karabina (pete za kufungia zenye kilango), chuma cha kushukia kinachopitishwa kamba, na kamba fupi za kujifungia vikining'inia nyuma au pembeni hunasa kwenye ufa. Vikusanye mbele, vifupishe. Hanesi ya makorongo ina kipande kigumu cha plastiki cha kukalia. Bila hicho, suti huchanika matakoni siku ya kwanza.

Mtu mmoja kwa wakati, na wa pili haanzi mpaka wa kwanza ametoka dimbwini na kunyoosha mkono. Kuteleza wawili kwa kushikana kunapendeza kwenye picha, lakini wa nyuma hutua juu ya wa mbele.

Kiasi cha maji nacho kinabadili mtelezo mzima. Maji yakiwa haba unakwama katikati, na ukijisukuma unapoteza mkao. Yakiwa mengi yanakupeleka nje ya njia kwenye kona na kukugongesha ukutani. Mtelezo wenye ngazi au mporomoko wa ghafla katikati haufai, hata uwe mrefu na mzuri namna gani, ila kwa kushushwa kwa kamba hadi umepita hapo.

Sasa swali lenu la mwamba. Mto hausugui mwamba kwa maji, unausugua kwa mchanga na kokoto unazobeba wakati wa mafuriko. Itale na miamba mingine migumu ambayo nyufa zake ziko mbalimbali husuguliwa kwa usawa na kuacha mabapa marefu laini. Mwamba wenye tabaka nyembamba au nyufa za karibu hung'oka vipande vipande na kubaki na kingo. Mwamba wa chokaa unaweza kuwa laini kama kigae pale maji yanapopita kila siku, na ukawa mkali kama wembe sentimita 50 pembeni. Ndiyo maana kuacha njia ya maji ni kosa hata kama pembeni panaonekana pametulia. Yale mashimo ya duara kama vyungu yalichongwa na mawe yaliyonaswa yakizungushwa na maji. Usidumbukize mguu humo kwa kuyavuka gizagiza, mengine yanazidi kimo cha mtu.

Shikamooni wahariri. Binti yangu ana miaka 11, anaogelea vizuri bwawani. Baba yake anasema aende, mimi nina wasiwasi na baridi. Nani yuko sahihi?
*Mama Mwenye Wasiwasi*

Marahaba, mama. Wasiwasi wako uko mahali pake. Maji huunyang'anya mwili joto kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa, na mtoto mwembamba hupoa upesi kuliko mtu mzima kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Maji ya milimani ya nyuzi 10 hayamsamehe mtoto anayesubiri dakika 20 zamu yake ya kamba.

Anaweza kwenda iwapo suti inamkaa. Suti ya neopreni (mpira laini wenye vitundu vya hewa) haizuii maji kuingia. Inazuia yale machache yaliyoingia yasitoke, na mwili unayapasha joto. Ikiwa pana mgongoni au shingoni, kila akiruka maji mapya ya baridi yanapita, na hapo unene wa milimita 5 hauna faida. Mvalishe pakavu, mwambie achuchumae na kuinua mikono. Kusiwe na mfuko wa hewa kiunoni wala makwapani. Soksi za neopreni zisikose.

Kabla ya mruko wa kwanza alowe uso na shingo, kisha aingie maji taratibu. Maji baridi yakimpata mtu ghafla humfanya avute pumzi kwa nguvu bila hiari, na pumzi moja chini ya maji inatosha kumjaza maji. Hali hiyo hupungua ndani ya dakika 2 au 3.

Kuogelea bwawani hakufanani na kuogelea kwenye mkondo, kwa hivyo avae jaketi okozi lililokazwa. Ukilivuta kwa mabega lisipande hadi masikioni. Likilegea, mruko hulipandisha kwa nguvu likampiga kidevuni. Mwambie pia kwamba akibebwa na maji alale chali, miguu mbele, na asijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia yakiwa yamezidi magoti. Mguu ukibanwa kati ya mawe, mkondo humlaza kifudifudi.

Dalili za kumtoa majini: midomo kubadilika rangi, kutetemeka kusikokoma, kushindwa kufunga kifungo cha hanesi, kununa na kunyamaza. Mtoto aliyekuwa akicheka akinyamaza, usimwulize kama ana baridi, mpe kinywaji cha moto na chakula chenye sukari.

Mimi ni mpanda miamba. Nimefundishwa tangu siku ya kwanza kufunga fundo mwishoni mwa kamba ili mtu asiteleze akatoka. Hawa wa makorongo wananiambia nisifunge. Huu si uzembe?
*Mpanda Miamba*

Hapana, kaka. Ni somo lililolipiwa. Ukutani penye ukavu adui yako ni kuanguka. Chini ya maporomoko adui ni kushindwa kutoka kwenye kamba. Mtu anayefika dimbwini maji yakimpiga kichwani, akiwa na fundo lililokwama kwenye chuma chake cha nane (chuma cha kushukia chenye umbo la 8), hawezi kushuka wala kupanda. Anaweza kufa maji ndani ya dakika chache, wenzake wakimtazama. Kamba isiyo na fundo inapita, mtu anaelea, anaogelea.

Ila kuacha fundo ni nusu tu ya utaratibu. Nusu ya pili ni urefu: ncha ya kamba iguse maji, basi. Ikizidi mita kadhaa, maji yanaizungusha dimbwini na kuivika miguuni mwa anayefika. Ikipungua, kiongozi aliye juu huiongeza, na ili aweze kuiongeza wakati mtu ananing'inia, lazima kamba ifungwe kwa namna ya kuachilika. Njia ya kawaida ni chuma cha nane kilichofungwa kwenye nanga, yaani mahali imara pa kufungia kamba mwambani, kamba ikazungushwa juu yake na kufungwa kwa kitanzi na karabina. Kikifunguliwa, kamba huachiwa polepole hata ikiwa imebeba mtu. Nywele zikinaswa, nguo ikinaswa, mtu akizimia, anashushwa papo hapo. Yule aliyefunga kamba yake kwa fundo lisilofunguka chini ya uzito hana la kufanya ila kisu, na kisu karibu na kamba iliyokazwa hukata zaidi ya ulichokusudia.

Lile fundo la akiba linalojikaza lenyewe chini ya chuma, ambalo kwenu ni adabu, liache pia mahali penye maji mengi. Linajikaza pasipotakiwa, na kulilegeza kwa vidole vilivyokufa ganzi si kazi ndogo.

Kamba yako ya kupandia miamba ibaki nyumbani. Hurefuka sana, na chini ya uzito wa mtu anayeshuka inapanda na kushuka ukingoni mwa mwamba ikijikata. Tunatumia kamba isiyorefuka, unene wa milimita 9 hadi 10. Urefu wa jumla uwe angalau mara 3 ya mshuko mrefu kuliko yote: mara 2 kwa ajili ya kushuka na kuivuta, na 1 ya akiba, ikibebwa kwenye mkoba wa mtu mwingine.

Sauti haisikiki karibu na maporomoko, kwa hiyo kila mtu awe na filimbi isiyo na kipira cha kuzunguka ndani, maana hicho hulowa na kukwama. Wengi hutumia mlio 1 kwa "simama", 2 kwa "ongeza kamba", 3 kwa "vuta" na 4 kwa "nimetoka, kamba iko huru". Vikundi vingine hutofautiana. Itajeni milio yenu kwa sauti mkiwa bado pakavu, na kila mtu airudie.

Tukiwa ndani ya korongo na mvua ikanyesha tufanyeje? Kukimbilia mwisho wa njia si bora?
*Msafiri wa Wikendi*

Mvua inayokunyeshea wewe siyo inayoua kwa kawaida. Inayoua ni ile iliyonyesha saa moja au mbili zilizopita juu milimani, wakati wewe una jua kichwani. Tarehe 27 Julai 1999, kwenye kijito cha Saxetbach karibu na Interlaken, Uswisi, wimbi la mafuriko lililotokana na mvua ya radi ya upande wa juu liliwachukua watu 21, watatu kati yao viongozi wa msafara. Tarehe 20 Agosti 2018 watu 10 walikufa namna hiyohiyo katika korongo la Raganello, kusini mwa Italia. Makorongo yote mawili yalikuwa yakishukwa na watu wa kawaida, siku za kiangazi.

Korongo ni jembamba, na maji yasiyo na pa kutanuka hupanda. Tena nguvu ya maji huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Pale ulipovuka asubuhi kwa kushikana mikono huwezi kusimama hata sekunde moja.

Kwa hivyo kazi kubwa inafanyika kabla ya kuingia. Soma ramani uone ukubwa wa eneo lote linaloleta maji kwenye mto huo, na utabiri uuangalie wa eneo hilo, si wa mahali mnapoegesha gari. Uliza ardhi imelowa kiasi gani, kwa kuwa udongo ulioshiba hauwezi kunywa zaidi, na mteremko ulioungua moto humwaga maji kama bati. Kama kuna bwawa la umeme au mtambo wa kuchepusha maji upande wa juu, ongea na wanaouendesha siku hiyohiyo, maana milango mingine hujifungua yenyewe. Ingieni asubuhi na mapema, kwani milimani radi za kiangazi hupenda alasiri. Na mwachie mtu aliye nje jina la korongo, idadi yenu na saa ambayo akipita bila kuwasikia aombe msaada.

Ndani ya korongo, kila mnapopita tazameni juu ukutani. Majani makavu na vijiti vilivyokwama kwenye nyufa vinaonyesha mafuriko yalifika wapi. Mahali salama ni juu ya hapo. Kariri sehemu hizo unapozipita, kwa sababu hutapata muda wa kuzitafuta.

Dalili ni maji kubadilika rangi, vijiti na majani mabichi kuanza kupita, jiwe mliloliwekea alama kufunikwa, sauti kuwa nzito zaidi, upepo wa baridi kuvuma ghafla kutoka juu. Ukiona moja tu, usingoje ya pili. Pandeni mahali pa juu palipo karibu, hata kama ni nyuma mlikotoka. Kamba iliyoning'inia ikiwa itawachelewesha, iacheni. Kukimbia kufuata mto ni kushindana na kitu chenye kasi kuliko wewe, na mbele kuna miruko ambayo madimbwi yake yameshabadilika. Mkishafika juu, kaeni. Jifungeni kwenye nanga, vaeni blanketi za karatasi ya rangi ya fedha za kutunza joto, na mle chakula. Kijito kidogo hushuka haraka kama kilivyopanda, lakini haraka hiyo inaweza kuchukua muda wa saa 3 au 6, na wimbi la pili lipo. Kulala korongoni usiku mmoja kunavumilika.

Kwenye maelezo ya korongo pameandikwa "v3 a3 II". Maana yake nini?
*Msomaji wa Ramani*

Ni daraja la ugumu lililoanzia Ufaransa. Herufi v ni mishuko ya kamba, a ni maji, zote kutoka 1 hadi 7, na namba ya Kirumi kutoka I hadi VI inaeleza ulivyo mbali na usalama. Kwa maji, a2 ina miruko rahisi isiyofika mita 3, a3 ya mita 3 hadi 5, na a4 hadi mita 8 kwa miruko rahisi. II humaanisha unaweza kufika juu ya usawa wa mafuriko ndani ya dakika 15. Daraja hutolewa kwa maji ya kiasi cha kawaida, hivyo a3 baada ya mvua ni korongo jingine.

Ninaogopa kuruka, na naona haya kuwachelewesha wenzangu. Je, korongo linanifaa?
*Mwenye Hofu*

Linakufaa kabisa, dada. Miruko mingi ina njia mbadala: kutembea kando, kushuka kwa kamba, au kuanza kutoka ukingo wa chini zaidi. Mwulize kiongozi kabla ya kuingia ni miruko ipi haina njia nyingine. Akikosa jibu, tafuta kiongozi mwingine. Kuhesabiwa "moja, mbili, tatu" na kusukumwa usikubali. Anayeruka kwa kusita huteleza ukingoni, anageuka nusu, anatua ubavu. Ukisimama ukingoni zaidi ya dakika moja na miguu inatetemeka, rudi nyuma na ushuke kwa kamba. Hiyo ni dakika 5, na kumbeba mtu aliyevunjika mguu ni siku nzima.

Mkoba, miwani, pete ya ndoa na viatu: nivae nini na nivue nini?
*Mwandaaji wa Safari*

Pete ivue, kidole huchunwa nayo ikinasa. Miwani ifungwe kwa kamba nyuma ya kichwa na ishikwe mkononi wakati wa kuruka. Ukivaa lenzi za macho, fumba macho majini, la sivyo zisahau. Viatu vifunike kifundo, soli laini ya mpira inayoshika mwamba uliolowa, na visiwe vya kuchomeka tu kama makubazi. Mkoba usivaliwe kwenye mruko, kwani maji huusukuma juu ukapiga kisogo. Utupwe kwanza mahali pasipo na mtu, ukiwa na pipa dogo lisiloingia maji ndani yake ili uelee, na mashimo chini ya kumwagia maji. Ndani ya pipa: dawa za huduma ya kwanza, blanketi za karatasi ya fedha, taa ya kichwani, chakula, simu. Kisu kibaki mwilini mwako. Kamba ya kumrushia aliyebebwa na maji, inayoelea na yenye urefu wa mita 15 hadi 20, iwe kwa yule anayeshuka wa kwanza.

Mkitoka, osheni suti, viatu na kamba kwa maji safi na mkaushe kivulini kabisa kabla ya kuingia mto mwingine, maana tope la soli husafirisha magonjwa ya vyura na samaki kutoka bonde hadi bonde. Jua kali huchosha neopreni na nailoni. Kamba ipitisheni mkononi sentimita kwa sentimita mkiikunja: penye ulaini usio wa kawaida au uvimbe, ikateni hapo, kila upande uandikwe urefu wake mpya.